Picha si kipimo, jamani!

Wadau, siku nyingi sijaandika humu. Mitihani imenibana, halafu nyumbani kuna ugomvi. Leo nautoa rohoni.

Baba mkubwa akipanda mlima kifua kilikuwa kinambana. Ukoo ukachanga, ng'ombe wawili wakauzwa, akaenda kupimwa moyo. Picha ikaonyesha mshipa mmoja umebana kama nusu. Daktari akapima zaidi, akasema stenti haihitajiki, atumie dawa. Weee! Nyumbani kelele: "Wamekula hela, wamemrudisha bila kumtibu!" Hata rafiki zangu hapa hosteli wanasema hivyo hivyo. Nawapinga wote.

Kwanza mjue kilichofanyika. Picha ya eksirei inaonyesha umbo la mshipa tu, haisemi kama damu inayopita inautosha moyo. Kwa hiyo daktari anapitisha waya mwembamba wenye kihisio mpaka ng'ambo ya pale palipobana. Anatoa dawa kama adenosini ili damu ipite kwa wingi kabisa, halafu anagawanya shinikizo la ng'ambo kwa lile la mshipa mkuu. Hiyo ndiyo FFR. Mshipa mzima unatoa 1. Ikifika 0.80 au chini, mbano huo unaunyima moyo damu. Baba mkubwa alipata 0.88. Yaani damu inayofika ni kama asilimia 88 ya ile ambayo ingefika pasingebana. Stenti ya nini?

Mtasema nadharia. Haya, utafiti wa FAME wa akina Nico Pijls na Bernard De Bruyne, uliochapishwa 2009, ulikuwa na wagonjwa 1,005 wenye mishipa kadhaa iliyobana. Walioamuliwa kwa picha peke yake waliwekewa stenti 2.7 kwa wastani, waliopimwa FFR 1.9. Baada ya mwaka, waliokufa, kupata shambulio la moyo au kurudi kuzibuliwa walikuwa asilimia 18.3 kwa kundi la picha, na 13.2 kwa waliopimwa. Vyuma vichache, matokeo bora!

Sisemi kila mtu asubiri waya. Aliyeshikwa na shambulio la moyo sasa hivi azibuliwe upesi. Huyu wetu hakuwa huko.

Na nyie wenzangu wa ualimu mnanishangaza zaidi. Kozi ya upimaji na tathmini tumekesha nayo, tunajua mwanafunzi hapewi maksi kwa mwandiko mzuri. Leo mnataka moyo usahihishwe kwa kuangalia picha?

Hela ya ukoo haikuliwa, ilinunua jibu. Kinachoniuma ni hiki: kelele zimemfanya baba mkubwa aache dawa, eti hakutibiwa. Dawa ndiyo matibabu yenyewe! Kelele ndizo zitakazomuua, siyo huo mshipa.

Jumamosi napanda basi na karatasi ya majibu mkononi. Mwenye kupinga anitafute kantini kabla ya hapo.