Ukiifunika, Nayo Hulala

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuweke kando homa na lishe, tuzungumzie chombo ambacho siku hizi kimo katika nyumba zetu nyingi: kompyuta mpakato, au laptopu kama watoto wanavyoiita. Tunakizungumzia kwa sababu kilitugombanisha na binti yetu.

Jioni moja binti huyo alikuwa akituma vyeti vyake kuombea nafasi ya chuo. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa 6 usiku. Mtandao ulikuwa mzito, mafaili yakawa yanakwenda polepole. Saa 3 aliipanga kompyuta isilale yenyewe, akaiacha ikiendelea, akaenda kumlaza mdogo wake. Usingizi ukampitia huko huko. Sisi tulipopita sebuleni tuliikuta iko wazi mezani. Kwa nia njema ya kuikinga na vumbi, tukaifunika.

Asubuhi hakuna cheti kilichofika. Tulimwita mzembe, tena mbele ya baba yake. Mtoto akalia, "Mama, niliiacha inatuma!" Hatukumsikiliza. Siku mbili baadaye tulimsimulia kijana anayetunza kompyuta ya ofisi ya kanisa. Akatuuliza swali moja tu: "Mama, nani aliifunika?"

Basi tukaelezwa. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kulala mara kifuniko kinaposhushwa. Sisi wauguzi tunamjua mgonjwa aliyelala: moyo unadunda, pumzi inakwenda, lakini ukimwita haitiki. Kompyuta nayo hutumia umeme kidogo tu wa kukumbuka ulichokuwa ukifanya. Kazi nyingine husimama, na mawasiliano na intaneti hukatika. Faili lililokuwa likitumwa huishia njiani, na mazungumzo ya video hukatika. Zipo kompyuta za siku hizi ambazo hata zikilala huchungulia mtandao kidogo kupokea barua, lakini usizitegemee kumalizia kazi kubwa.

Ukiifunua, kwa kawaida hujiunga tena na mtandao inaoufahamu baada ya sekunde chache. Hata hivyo, kazi iliyokatika huenda ikabidi ianzwe upya, na pengine utaombwa tena neno la siri. Kama intaneti inatoka kwenye simu yako, angalia na simu pia, kwani simu nyingi huacha kugawa mtandao zisipoona chombo kilichounganishwa.

Tufanye nini basi?

1. Kazi ya kutuma au kupokea ikiwa inaendelea, acha kifuniko wazi na uchomeke waya wa umeme. Ukitaka kuokoa umeme, punguza mwanga wa skrini.

2. Kumbuka kwamba hata ikiwa wazi, kompyuta huweza kulala ikikaa bila kuguswa. Ongeza muda huo kwenye mipangilio.

3. Kompyuta inayotumia Windows inaweza kupangwa isilale ikifunikwa. Katika sehemu ya kutafutia mipangilio andika neno "lid". Utakuta machaguo mawili, moja la wakati wa betri na jingine la wakati wa umeme. Kwa lile la umeme, chagua isifanye lolote.

4. Ukishaipanga hivyo, usiifunike ikiwa juu ya godoro wala kuitia ndani ya begi ikiwa inafanya kazi. Itapata joto kali na kujidhuru.

5. Kabla hujafunika kompyuta ya mwenzio, uliza. Hilo halina gharama.

Tuliporudi nyumbani siku ile, tulimwita binti yetu, na baba yake akiwapo, tukamwambia: "Mwanetu, mkono uliokukosesha ni wetu. Tusamehe." Haikuwa rahisi, maana mzazi huona aibu kujishusha kwa mtoto. Lakini tulikuwa tumemlaumu hadharani, hivyo haikufaa kumwomba radhi mafichoni. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka: "Mama, kumbe ulitaka ilale kama sisi!"

Awamu ya pili ya maombi ilipofunguliwa, alituma tena. Safari hii tuliketi naye mezani, kifuniko kikiwa wazi na chai ikiwa kwenye chupa, mpaka skrini ikaandika kwamba vyote vimepokelewa.

Tukutane mwezi ujao.