Jiko Lililomo Tumboni mwa Mbu

Jua linapotua na wachuuzi wa soko la samaki la Malindi kuanza kumwaga maji yao ya mwisho, wenyeji waliokaa barazani hujua kwamba wageni wa kila usiku wamekaribia. Mbu wa Mji Mkongwe hana mengi ya kusemwa juu yake: anauma, analeta maradhi, auawe. Masomo ya skuli nayo aghalabu hayapiti hapo. Mbu huchorwa kama sindano yenye mabawa, inayofyonza kimelea kwa mgonjwa na kumdunga mzima. Mchoro huo ni mwepesi kufundisha, lakini una kasoro kubwa, kwani sindano haili wala haiugui. Mbu hula, na kile alichokula, pamoja na kimelea alichokibeba, hubadili kemia ya mwili wake kwa namna inayomhusu sana binadamu.

Habari yake huanzia majini. Mbu wa Kuleksi, anayewasumbua zaidi watu wa mjini na ndiye aenezaye matende na mabusha, hulelewa katika makaro, mashimo ya vyoo na mitaro iliyoziba. Humo kiluwiluwi hula bakteria, mwani na mabaki ya kila aina. Mwaka 1979 Dadd na Kleinjan, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, walionyesha jambo la kushangaza. Viluwiluwi wa Kuleksi waliolishwa chakula kilichotengenezwa maabarani bila ya mafuta ya aina ya asidi ya arakidoni walikua, wakawa mbu kamili, lakini hawakuweza kuruka. Kwa maneno mengine, nguvu ya mabawa yanayovuma masikioni usiku hutokana na mlo wa shimoni.

Akishatoka majini mbu huanza na sukari. Huitafuta katika maua na katika embe lililopasuka, akaiweka akiba kwa namna ya glikojeni na mafuta. Dume hahitaji zaidi ya hapo maisha yake yote. Jike anataka protini ya mayai. Akinywa damu, utumbo wake hutoa kimeng'enya cha tripsini, nacho huivunja protini kuwa asidi za amino. Asidi hizo, zikisaidiwa na homoni ya ekdisoni itokayo katika viungo vya mayai, huiamsha tishu ya mafuta kutengeneza protini ya kiini cha yai. Baada ya siku mbili au tatu karamu yote imekwisha kuwa mayai. Ajabu ni kwamba damu ya binadamu si chakula bora kwa kazi hiyo. Ina upungufu wa isolusini, mojawapo ya asidi za amino ambazo mbu hawezi kujitengenezea, na kwa sababu hiyo mbu wa Edesi hupoteza sehemu ya protini aliyoinywa bila kuigeuza mayai. Hata hivyo hamwachi binadamu. Yumkini mazoea yana nguvu kuliko lishe, jambo ambalo wapenzi wa halua hawatalionea ajabu.

Kimelea naye huingia katika jiko hilo hilo. Vijiminyoo vya matende hutoboa utumbo wa mbu, vikahamia katika misuli ya kurukia, na humo hukua kwa muda wa wiki mbili hivi. Vikizidi wingi mbu hufa. Kimelea cha malaria hula kwa adabu zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 na 2019, nchini Ujerumani na Marekani, ulionyesha kwamba hukua kwa mafuta ya mbu bila kuyanyang'anya mayai fungu lao, na kwamba kikipunjwa mafuta hayo hutoka dhaifu katika kuambukiza. Tena, mwaka 1984 Rossignol, Ribeiro na Spielman walieleza kwamba Edesi walioambukizwa malaria ya kuku walikuwa na upungufu wa apirasi katika mate, yaani kimeng'enya kinachozuia damu isigande. Mbu wa namna hiyo huchokoachokoa ngozi muda mrefu kabla ya kupata damu.

Mambo haya yana uzito wa pekee Unguja. Mradi wa kufyeka malaria ulioanza Zanzibar mwaka 1958 ulisimamishwa mwaka 1968, na ugonjwa ukarudi. Tangu mwaka 2003 dawa mseto, kisha vyandarua na upuliziaji wa majumbani, vimeushusha tena kwa kiasi kikubwa. Lakini mbu wa visiwani wameonyesha usugu kwa sumu zilizoigizwa kutoka kwenye pareto, na kuweka tumaini lote katika sumu ni kuisahau historia hiyo.

Kisiwa chenyewe kina mfano bora. Mwaka 1988, huko Makunduchi, watu walipewa dawa ya matende, na mashimo ya vyoo yenye maji yakafunikwa kwa tabaka la chembe nyepesi za polistirini zinazoelea. Mbu hakupata pa kutaga, na kiluwiluwi hakupata pa kuvutia pumzi. Mbu walipungua mno, na maambukizo yakaendelea kushuka kwa miaka, hali mahali pengine kisiwani, ambako dawa ilitolewa bila ya kuziba mashimo, yalianza kupanda tena. Chembe hizo hudumu kwa miaka kadhaa na hazina sumu. Ni vigumu kueleza kwa nini njia hiyo haikufanywa kazi ya kudumu katika kila mtaa wenye makaro.

Pengine atatokea wa kusema kwamba yatosha kuwapunguzia mbu chakula. La hasha. Mwaka 1993 Lyimo na Takken waliandika juu ya Anofelesi wa Tanzania kwamba majike wenye miili midogo huhitaji kunywa damu zaidi ya mara moja kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Na uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mlo wa pili wa damu huharakisha ukuaji wa kimelea cha malaria ndani ya Anofelesi. Hivyo dimbwi lililofukiwa nusu laweza kutoa mbu wachache wenye njaa na hatari zaidi. Ni kweli kwamba Anofelesi haleleki chooni, na polistirini haitamgusa. Kwake yahitajika kazi ya madimbwi na mashamba ya mpunga, nayo ni ngumu zaidi.

Mwalimu wa baiolojia anaweza kuyaonyesha haya kwa gharama ndogo. Viluwiluwi wa shimo moja wagawanywe katika mabakuli mawili yenye maji sawa, wa kwanza walishwe kwa ukarimu na wa pili kwa ubahili, na mabakuli yafunikwe barabara kwa chandarua. Wakishageuka mbu wauawe wote, kisha wanafunzi wapime urefu wa bawa kwa hadubini.