Kimbunga kikipita, nani hulipa gharama ya kuhamia kisiwani?

Kimbunga Chido kilipokipiga kisiwa cha Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, kiliezua mapaa, kikabomoa vitongoji vya mabati na kuua watu takriban 40 kwa hesabu rasmi. Ufaransa, inayokitawala kisiwa hicho, ilipitisha mwaka 2025 sheria inayopanga uwekezaji wa karibu euro bilioni 4 hadi mwaka 2031.

Fedha hizo zina maana kwamba kazi itakuwepo. Na penye kazi watu huja, hasa kutoka Anjouan katika visiwa vya Komoro, umbali wa kilomita zipatazo 70. Swali linalojitokeza ni hili: kisiwa kinapojengwa upya baada ya tufani, gharama ya kuhamia huko humwangukia nani?

Historia ya Afrika Mashariki ina jibu, nalo si la kufurahisha.

Tufani ya mwaka 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'olewa kwa wingi, na merikebu za Sultani Barghash bin Said zikaharibiwa bandarini. Pemba, kwa sehemu kubwa, ilinusurika.

Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakageuzia macho Pemba. Hesabu yao ilikuwa nzito. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyepanda upya alihitaji mikopo, na wengi walikwisha kuweka mashamba yao rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Zaidi ya fedha, ilihitajika mikono ya kufyeka, kupanda na kuchuma.

Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipofika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1873 kutaka biashara hiyo ikomeshwe, Barghash alitoa hoja kwamba tufani ilikuwa imekwisha kuifilisi nchi. Hata hivyo, alipotishiwa kuzingirwa na manowari, alitia saini mkataba tarehe 5 Juni 1873.

Mkataba ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini haukuondoa mahitaji ya Pemba. Misafara ikaanza kupita nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, kisha watu wakavushwa usiku kwenda kisiwani. Utumwa wenyewe haukupoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897.

Kwa maneno mengine, mwenye shamba alihamisha mtaji, na mtumwa akalipa kwa mwili wake gharama ya kuhama huko. Hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba.

Kutoka majahazi hadi Durban

Waliookolewa baharini na manowari za Uingereza nao hawakurejeshwa makwao. Kuanzia mwaka 1873 mamia kadhaa walipelekwa Durban, katika koloni la Natal, ambako wenye mashamba ya miwa walikuwa wakilalamika kukosa vibarua. Waliwekwa chini ya mikataba ya kazi. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini mwa Msumbiji, lakini mjini humo waliitwa Wazanzibari.

Jamii yao ilikita mizizi King's Rest, katika eneo la Bluff, si mbali na Jacobs, mtaa wa viwanda ulio kusini mwa bandari. Walijenga makazi, wakaendeleza Uislamu na lugha yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, utawala wa ubaguzi wa rangi uliwaweka katika kundi la "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth. Kwa mara nyingine walihama bila kuchagua.

Somo kwa leo

Mayotte ya leo si Pemba ya mwaka 1872. Anayepanda boti kutoka Anjouan huondoka kwa hiari, hata kama umaskini umemsukuma. Lakini mgawanyo wa gharama unafanana.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, mamlaka za Mayotte ziliweka masharti ya kuuza mabati: mnunuzi binafsi alitakiwa kuonyesha kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Lengo lilikuwa kuzuia vitongoji visivyo rasmi visirudi. Matokeo yake ni kwamba asiye na karatasi hakuweza kununua kihalali hata bati la kujifunika.

Mwenye kibali cha ukaazi naye amefungwa kisiwani, kwani kwa kawaida kibali cha Mayotte hakimruhusu kwenda kuishi Ufaransa bara. Sheria ya mwaka 2025 imepanga kuondoa kizuizi hicho mwaka 2030. Hadi wakati huo, gharama ya kuhamia Mayotte ni pamoja na kukosa njia ya kuondoka.

Serikali huhesabu gharama za ujenzi kwa saruji, mabomba na madarasa. Tufani ya mwaka 1872 inaonyesha kwamba hesabu hiyo haijakamilika mpaka aandikwe pia atakayebeba saruji: atalala wapi, atalindwa na sheria ipi, na je, kazi ikiisha, ataruhusiwa kwenda atakako?