Mgomo Haukuizamisha Kenya Airways

Kila Kenya Airways inapotangaza hasara, kidole cha kwanza huelekezwa kwa wafanyakazi na vyama vyao. Madai ni yale yale tangu 2012, nayo husemwa kwa uhakika wa mtu asiyewahi kufungua hesabu za shirika.

Dai linalopendwa kuliko yote ni kwamba mishahara ndiyo iliyolizamisha. Mwaka 2012 bei ya mafuta ilikuwa juu na Ulaya imetikiswa na mgogoro wa euro, shirika likaamua kupunguza watu 599. Baadhi waliondoka kwa hiari. 447 walipewa barua. Kama mshahara ndio uliokuwa ugonjwa, miaka iliyofuata ingeonyesha nafuu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, hasara ilifika shilingi bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Zilitoka wapi? Kulikuwa na mikopo ya kununua ndege mpya, Dreamliner zikiwamo, zilizowasili wakati biashara inadorora. Kulikuwa na mikataba ya kufungia bei ya mafuta mapema, iliyogeuka shubiri bei ya dunia ilipoporomoka mwishoni mwa 2014. Shambulio la Westgate la 2013 liliwatia hofu watalii, na Ebola ikasimamisha safari za Freetown na Monrovia. Katika yote hayo hakuna mhudumu wa ndege wala mpakia mizigo aliyeombwa hata ushauri.

Wengine husema sheria imemfunga mwajiri mikono, kwamba hawezi kupunguza watu hata akikaribia kufilisika. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu waziwazi. Kinachomtaka ni akipe chama, pamoja na ofisa wa kazi wa eneo, notisi ya mwezi mmoja yenye sababu na ukubwa wa upunguzaji. Awachague wa kuondoka kwa kuangalia ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Na alipe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Tuseme mtu analipwa 45,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka minane. Nusu mshahara ni 22,500, mara nane ni 180,000. Mishahara minne kwa miaka minane. Hiyo ndiyo kamba inayodaiwa kumnyonga mwajiri.

Kesi ya wale 447 hutajwa sana hapa, na mara nyingi nusunusu. Desemba 2012 mahakama iliamuru warudishwe kazini. Julai 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo. Waajiri hukomea hapo. Lakini katika hukumu hiyo hiyo Jaji David Maraga alieleza kwamba ule mwezi wa notisi umewekwa ili pande mbili zikae, zitafute njia ya kuepusha au kupunguza uachishaji. Notisi si tangazo la msiba. Mwajiri anayeituma huku orodha ya majina ikiwa imeshafungwa ameshika maneno ya sheria na kuiacha kazi yake.

Halafu kuna marubani, walioitwa walafi walipogoma Novemba 2022. Kwa jambo moja siwatetei: mahakama ilikuwa imeusimamisha mgomo, wakagoma hivyo hivyo, na maelfu ya abiria wakakwama. Ila walichodai kilikuwa nini? Michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyosimamishwa 2020 wakati wa korona, na mishahara iliyoahirishwa kipindi hicho. Kudai kilichoahirishwa si kuomba nyongeza. Na wanaosema rubani analipwa vizuri mno kulalamika wajiulize kama unono wa mshahara unafuta deni.

Mgomo wenyewe ulikula kiasi gani? Shirika lilikadiria shilingi milioni 300 kwa siku. Ulidumu siku nne kabla ya marubani kurudi kwa amri ya mahakama, yaani kama bilioni 1.2. Hasara ya mwaka huo mzima ilipita bilioni 38.

Limebaki dai kwamba vyama vikinyamaza, faida itakuja yenyewe. Mwaka 2023 shirika lilipata faida ya uendeshaji ya bilioni 10.5, lakini likafunga hesabu na hasara ya bilioni 22.7, kwa kuwa shilingi ilianguka na madeni mengi ni ya dola. Mwaka 2024 shilingi ikapata nguvu, kutoka karibu 160 hadi 129 kwa dola, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, takriban bilioni 12. Sababu iliyotolewa ni Dreamliner tatu zilizokuwa zimeegeshwa.