Kosa la Binti Ajifunzaye Kikorea

Mwezi wa Januari barazani kwangu yalitolewa mashtaka. Ilisemwa kuwa binti ajifunzaye Kikorea ameidharau lugha yake, anapoteza wakati wake, na moyo wake umekwisha kuihama nchi ilhali miguu ingali hapa. Mshtaki ni mwalimu mwenzangu, mtu wa elimu na adabu, aliyekitumikia Kiswahili kwa miaka mingi. Mshtakiwa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 17. Wakati ule alikuwa ametuletea chai. Akaamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitikiwa, "Marahaba," kisha akahukumiwa. Mtetezi hakuwa naye. Mimi mjomba wake nilicheka pamoja na mshtaki. Nimepata muda wa kukifikiri kicheko kile, na sasa nakikana mbele ya wasomaji.

Kwanza na ielezwe jinsi binti huyu anavyoishi, maana wanaowashtaki vijana aghalabu huhukumu bila kwenda kutazama. Mtoto amalizaye kidato cha nne mwezi wa Novemba hungoja matokeo yake mpaka mwishoni mwa Januari, na akifaulu hungoja tena mpaka Julai ndipo aingie kidato cha tano. Katikati ya siku hizo kuna kiangazi kizima cha Dar es Salaam, pepo za kaskazi zikivuma bila kupoza kitu, mabati yakilia kwa joto, na usiku mtu akigeuza mto mara kumi kutafuta upande wa baridi. Hakuna shule iliyo na la kumwambia katika miezi ile. Wazee humwambia atulie, nao wenyewe hawajui kutulia huko kuna maana gani.

Mpwa wangu hakutulia. Alfajiri hufagia uwanja na kukusanya maembe yaliyoanguka usiku, huteka maji kabla hayajakatika, huchemsha chai. Asubuhi huuza barafu za ubuyu kwa watoto wa mtaa, na faida ya barafu ndiyo inunuayo kifurushi cha simu. Mchana, saa ambayo hata kuku hulala chini ya mkokoteni, yeye hukaa juu ya mkeka chini ya mwembe, daftari gotini, akiandika herufi za Kikorea nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka uliopita. Walimu wake ni simu yenye kioo kilichopasuka na kitabu kimoja cha kuazima. Herufi zile 24 alizimaliza kwa juma moja. Sarufi ingali inamtoa jasho, na jasho lenyewe ni la kweli, maana siku alipojifunza neno la Kikorea la theluji, ambalo ni *nun*, tone lilimdondoka kidevuni likaufuta wino. Aliliandika upya, akaongeza pembeni kuwa *nun* pia ni jicho.

Haya ndiyo yaitwayo dharau ya lugha. Nauliza dharau hiyo imekaa wapi. Binti huyu amesoma sekondari miaka minne, na karibu masomo yake yote alifundishwa kwa Kiingereza. Aliandika habari za moyo wa chura kwa lugha ambayo hakuichagua, akakariri asichokifahamu, akapewa alama kwa kukariri, wala hakuna aliyekuja barazani kulia kuwa Kiswahili kimedharauliwa. Mshtaki wetu mwenyewe anao watoto wawili katika shule ambayo mtoto akisikika anasema Kiswahili uwanjani huadhibiwa. Kila muhula huilipa ada shule hiyo, na risiti huihifadhi vizuri. Lugha iliyotujia kwa amri tumeizoea hata tumeiita elimu. Lugha ambayo mtoto ameichagua mwenyewe, akailipia kwa barafu, ndiyo tunayoiita usaliti. Ama tuseme kuwa kila lugha ya kigeni ni adui, tuanze na ile ya ada, ama tunyamaze.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Katika mji wa Seoul kipo Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zifundishwazo pale. Akija kwetu kijana aliyesoma huko, akasema "Hamjambo" kwa lafudhi ya kwao, tunampigia makofi, tunamsimamisha mbele ya wageni, tunasema lugha yetu imefika mbali. Hakuna amwulizaye kama ameitupa lugha ya mama yake. Heshima tumpayo mgeni kwa kujifunza yetu tunamnyima mtoto wetu kwa kujifunza yao. Na hao si watu wa mbali nasi kama tunavyojidanganya. Kila siku maelfu ya watu wa Dar es Salaam hupita juu ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na kujengwa kwa mkopo wa Korea. Deni tumelikubali, salamu ya mwenye kutukopesha tunaiona mzaha.

Sasa niseme yale yaliyonifanya nione aibu. Jioni moja mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, sisi pia tulikuwa na hesabu mbili?" Sikumwelewa. Akanieleza kuwa Wakorea wana hesabu mbili, moja ya asili yao na nyingine iliyotoka China. Saa huitaja kwa hesabu ya asili, na dakika kwa ile iliyotoka China. Yeye alikuwa amekaa akihesabu vidole vyake kwa Kiswahili, akashuku kuwa sita, saba na tisa hazifanani na ndugu zao. Nikamwambia kuwa zimetoka katika Kiarabu, na kuwa wazee walisema mtandatu, mfungate na kenda. Nikamwambia pia kuwa fungate, zile siku saba za maarusi, ni masalio ya hesabu ile. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete ya bibi yake mchangani. Nami nilikaa kimya, maana nimefundisha Kiswahili chuo kikuu miaka mingi, na sikumbuki mwanafunzi aliyenijia na swali lile kwa njaa ile. Kikorea ndicho kilichomtuma binti huyu kwenye Kiswahili chake.

Wala haikuwa mara moja. Siku nyingine alikuja akicheka kuwa Wakorea nao wana baba mkubwa na baba mdogo. Kaka mkubwa wa baba kwao ni *keunabeoji*, na *keun* ni kubwa. Mdogo wake ni *jageunabeoji*, na *jageun* ni dogo. Mjomba naye ana neno lake, hachanganywi na ndugu wa baba. Kiingereza alichosomeshwa miaka minne kilikuwa kimetutia sote katika neno moja, baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, kama nguo katika kapu. Aliona pia kuwa heshima yetu husimama mlangoni, katika shikamoo na marahaba, na baada ya hapo kitenzi hakijali kinasemwa kwa nani. Heshima ya Wakorea hukaa katika mkia wa kitenzi, nayo hufuata mazungumzo mpaka mwisho. Uchunguzi huu nimeuandika katika daftari langu la mihadhara. Hiyo ndiyo kazi ya mtoto apotezaye wakati!

Mshtaki hutaja historia, na historia haimsaidii. Mfalme Sejong alipokamilisha herufi za Kikorea mwaka 1443, wa kwanza kumpinga hawakuwa maadui wa nchi bali wasomi wa baraza lake mwenyewe. Mwaka 1444 Choe Manri na wenzake walimwandikia kuwa kuwa na herufi za peke yao ni kujitenga na ustaarabu wa China. Herufi zilitangazwa mwaka 1446, na wasomi waliendelea kuzidharau kwa miaka mingi kwa kuwa zilikuwa rahisi mno. Wenye elimu, basi, si lazima wawe walinzi wema wa lugha ya nyumbani. Mara nyingine hulinda cheo chao.

Tena Wakorea walitawaliwa na Wajapani tangu 1910 hata 1945, na katika miaka ya mwisho lugha yao ilifukuzwa shuleni. Mwaka 1942 watu wa Chama cha Lugha ya Kikorea walikamatwa, na mswada wa kamusi yao ukachukuliwa. Ulikutwa Septemba 1945 katika ghala la kituo cha reli cha Seoul, na juzuu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1947. Habari hii sikumpa mimi, alinipa yeye, kisha akauliza, "Na kamusi yetu, Mjomba, nani aliihangaikia?" Ikanipasa kumweleza habari za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, na jinsi tulivyongoja mpaka 1981 ndipo tukapata Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa na taasisi yetu wenyewe. Alikuwa amefaulu Kiswahili kwa alama ya juu kabisa bila kuambiwa hata neno moja katika hayo. Lawama ya jambo hilo ni yetu walimu, wala sioni jinsi ya kuwabebesha Wakorea.

Limebaki shtaka la kuhama, nalo silipuuzi. Ni kweli mpwa wangu anaota kwenda. Amebandika karibu na kitanda picha ya mto Han, na mwezi wa Januari hutazama hali ya hewa ya Seoul, ambako maji huganda, huku akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Tamthilia zimemwonyesha mitaa safi na watu wapole. Hazimwonyeshi zamu ya usiku kiwandani wala kodi ya chumba. Hapa nilimkalisha, nikamwambia nijuayo. Mpango wa vibali vya kazi ambao Korea iliuanzisha mwaka 2004 mapatano yake ni na nchi za Asia, si na zetu. Kwa hiyo anayemwahidi kazi ya kiwanda kwa kumtoza fedha, na amkimbie. Njia iliyo wazi zaidi kwake ni masomo. Serikali ya Korea hutoa ufadhili, na wengi wanaoupata hutakiwa kwanza kusoma lugha mwaka mmoja na kufikia daraja la tatu la mtihani uitwao TOPIK, wenye madaraja sita, ndipo waanze shahada. Wanaoomba ni wengi na wachukuliwao ni wachache. Alisikiliza yote, akaandika "daraja la tatu" kwa herufi kubwa, akaipigia mstari.

Lakini kumwonya msafiri ni kitu kimoja, na kumwita mkimbizi wa nchi ni kingine. Mimi, nilipokuwa na umri wa kupita wake kidogo, nilijifunza Kijerumani kwa mwanga wa kandili, nikiota kwenda Ulaya. Nilikwenda, nikakaa miaka minne, nikarudi na shahada ya udaktari katika Kiswahili, niliyoitafuta kwa Wajerumani. Mtaani walichinja mbuzi. Mshtaki wa leo alikula nyama ile. Hakuna aliyesema moyo wangu umehama, kwa sababu nilikwenda upande ambao tumezoea kuusujudia. Binti akielekea mashariki, na bila idhini yetu, tunaona ajabu. Nashuku kuwa kinachotuudhi ni kuwa hakutuuliza sisi njia.

Kicheko cha barazani hakikuishia barazani. Dada yangu, mama yake, aliyasikia maneno ya mwalimu, na maneno ya mtu mwenye elimu ni mazito kwa mama aliyesoma mpaka darasa la saba. Akaichukua simu akaifungia kabatini, akasema binti aende akajifunze kushona, au Kiingereza cha kuombea kazi. Kushona ni kazi njema, nami sina neno nayo. Siku kenda simu ilikaa kabatini. Binti hakutoa neno baya. Aliuza barafu zake, fedha akazitia katika kopo, na mchana akakaa palepale chini ya mwembe akiandika yale aliyokwisha kuyajua, mara ya pili na mara ya tatu, mpaka kalenda ikaisha karatasi.

Nilipokwenda kumwombea, dada yangu alinitazama akasema, "Kaka, si wewe uliyecheka?" Sikuwa na jibu ila kukiri. Tumepatana kuwa asubuhi atakwenda kwa fundi kujifunza cherehani, na kuanzia saa kumi, joto likipungua, ni zamu ya Kikorea, na matokeo ya daraja la kwanza yatatazamwa kabla ya neno lolote la safari. Simu imerudi. Mwalimu mwenzangu atakuja Jumamosi kama ilivyo desturi yake. Nimemwomba mpwa wangu akae nasi barazani, amweleze mgeni habari za mfungate na zile hesabu mbili za Wakorea. Chai nitaileta mimi.