Ushuru wa Maegesho Usimwelemee Mnyonge

Mji haujengwi kwa maneno matupu. Barabara zinataka lami, mifereji inataka kuzibuliwa, na soko linataka njia ya watu kupita. Fedha za kazi hizo hazina budi kutoka kwa wananchi wenyewe. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaodai kwamba ushuru wa maegesho katikati ya mji ufutwe kabisa. Mwenye gari anayeliacha mbele ya duka tangu asubuhi hadi jioni amejitwalia sehemu ya barabara ya umma, na ni haki ailipie.

Lakini haki ina pande mbili. Tangu TARURA ilipoundwa mwaka 2017, na hasa tangu mwaka 2021 utozaji wa kielektroniki ulipoenezwa mijini, ushuru huu umekuwa jambo la kila siku katika miji ya nchi yetu. Yafaa basi tuulize swali moja: ni nani hasa anayeulipa?

Sisi wa Bumbire hatuna maegesho ya kulipia; mtumbwi huvutwa mchangani, basi. Hata hivyo jambo hili linatuhusu. Kibarua wa mtumbwi, au mama anayeanika dagaa, akitaka kufika hospitali ya mkoa, benki au soko la Bukoba, huvuka ziwa kwa nauli, hushuka Kemondo, Nyamkazi au mwalo mwingine wa bara, kisha hupanda gari au pikipiki mpaka mjini. Chombo hicho kikitozwa kwa kusimama tu, ushuru haubaki kwa dereva. Huhamia katika nauli na katika bei ya kubeba gunia. Na dereva asipoweza kupandisha nauli, huumia yeye, maana pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Jioni ikifika tajiri anataka hesabu yake kamili.

Tena uvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, mitumbwi hupumzika, na kibarua hana mgawo. Ushuru haujui giza wala mbalamwezi. Shilingi elfu moja kwa mwenye mshahara ni chenji. Kwa asiye na mgawo wiki ile ni chakula cha jioni cha watoto. Wahenga hawakukosea waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Tulifurahi pamoja na ndugu zetu watumishi. Lakini kibarua wa ziwani na dereva wa pikipiki hawamo katika orodha hiyo, na wanapofika mjini hutozwa kwa kipimo kile kile.

Taifa letu si geni katika kusahihisha mambo ya namna hii. Kodi ya maendeleo, iliyowasumbua sana wanyonge vijijini, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Walilipa shilingi 20,000 mara moja kwa mwaka, badala ya kufukuzwa na ushuru mdogo mdogo kila siku. Hata London, mji wa matajiri, ilipoanza mwaka 2003 kuyatoza magari yaingiayo katikati ya mji pauni 5 kwa siku, mabasi, teksi na pikipiki vilisamehewa, na sheria ikaagiza kwamba mapato halisi yatumike katika usafiri. Kama wao waliona haja ya kutenganisha anayeendesha kwa starehe na anayewabeba wengine, sisi tuliojifunza usawa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tutashindwaje?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mkoa, wilaya na halmashauri walitazame jambo hili kwa makini. Kwanza, pikipiki na magari madogo ya abiria yawekewe malipo nafuu ya mara moja kwa mwaka, pamoja na vituo vinavyojulikana. Pili, karibu na soko ziwepo nafasi za kushusha mizigo kwa muda mfupi bila malipo. Tatu, viwango vibandikwe hadharani kwa Kiswahili, ili asitokee mtu wa kujitungia vyake. Nne, wananchi waelezwe katika mikutano ni kiasi gani kimekusanywa na kimejenga nini.

Na sisi wananchi tusijitoe lawamani. Dereva anayeziba njia ya watembea kwa miguu, au anayetumia ushuru mdogo kama kisingizio cha kupandisha nauli maradufu, naye anamnyonya mnyonge. Wajibu ni wa kila mtu.

Hatukatai kulipa. Tunachotaka ni mizani iliyo sawa: mwenye kingi atoe kingi, mwenye kidogo aachiwe cha kulala nacho. Mji wa Bukoba unalishwa na mashamba ya bara na samaki wa visiwani. Haifai wanaoulisha waogope kuuingia.