Waini nyekundu, baridi ya Masoko na baba mkwe

Ninyi wa Dar ikifika Julai mnavaa sweta kwa mbwembwe tu. Baridi yenyewe iko huku Rungwe, ambako ukungu wa Tukuyu unaingia mpaka sebuleni bila hodi. Na msimu huu ndio washikaji huniuliza: "Kaka, ninunue waini gani nyekundu?" Leo nawajibu, ila kwanza niwape mkasa.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda ukweni, Masoko, kule kwenye ziwa la kreta na boma la Wajerumani. Mchumba alishanionya: mzee hana maneno mengi, lakini akikukataa, umekataliwa. Mahari ilikuwa bado haijazungumzwa. Nikaona nisiende mikono mitupu, nikapita Mbeya mjini na kubeba Cabernet Sauvignon ya Afrika Kusini, drai, ya bei mbaya.

Jioni natoa chupa, lahaula! Kizibuo nimekisahau. Kizibo nikakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, huku mzee ananitazama tu. Nikammiminia. Akaonja, uso ukakunjamana.

"Kijana, hii inakamata ulimi kama chai ya rangi iliyolala jikoni."

Moyo ukanilipuka. Mchumba akaangalia chini. Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye yeye ni Mmoraviani wa chai tupu. Akacheka, akasema: "Chai kali si tunatia maziwa? Mpe na nyama!" Akaleta bakuli la ndizi zilizopikwa na nyama ya ng'ombe yenye mafuta. Mzee akala, akanywa, akanyamaza. Kisha akasogeza glasi mbele. Niongeze!

Mama yule hajawahi kuonja waini, lakini alisema kweli tupu. Ukakasi wa waini nyekundu unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ni ndugu wa ule ulioko kwenye majani ya chai. Protini ya maziwa inaudaka, na nyama hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo usichague chupa kabla hujajua sufuriani kuna nini.

Nyama choma, mchuzi mzito au makongoro? Chukua nzito: Cabernet au Shiraz, yenye kilevi kama asilimia 13.5 au 14. Kuku, maharage au samaki wa kukaanga? Chukua nyepesi. Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, inakaa katikati. Na usiidharau ya Dodoma! Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ile nyekundu ya Makutupora inatoa waini ya rangi iliyokolea, kwa bei isiyokuumbua.

Soma lebo. Drai maana yake haina sukari ya kujionesha. Kama umezoea soda, anza na semi-switi, hakuna aibu. Bei kubwa peke yake haikuhakikishii kitu, muulizeni mzee wangu.

La mwisho ni joto. Nyekundu inapenda nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar imezidi hapo, kwa hiyo iweke kwenye friji dakika 20 hivi. Sebule ya Tukuyu mwezi wa saba haihitaji friji. Ikiwa baridi mno, ukakasi unazidi kuuma, na huenda hilo ndilo lililomkunja mzee uso, maana chupa ilisafiri kwenye buti la gari asubuhi nzima. Ishike glasi kwa viganja vyote viwili, itapata joto taratibu. Lakini usiisogeze kwenye jiko la mkaa!

Mliochini ya miaka 18 hii haiwahusu, na dereva abaki na chai.

Mahari tulizungumza kesho yake. Idadi ya ng'ombe siwaambii, ila siku hizi kila Julai nikishuka Masoko napeleka mbili za Dodoma, kizibuo kikiwa mfukoni, na kilo tatu za nyama. Mzee anapokea chupa. Nyama namkabidhi aliyenipa mke.

Ndaga fijo, mama mkwe. Tukutane wiki ijayo!